Mtihani Usio na Watu

Tangu nirudi, hakuna mteja anayekuja kupima gauni bila kuniuliza habari za Uingereza. Mimi nina pini mdomoni, yeye anataka hadithi. Juzi nilimkatia dada mmoja wa kwaya mikono ya blauzi, mmoja mrefu mmoja mfupi, kwa sababu nilikuwa nimefika pale pa askari wa forodha na mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anatikisa kipimo. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Someni, pitishianeni, halafu mniache nishone. Mambo ya viza msiniulize kabisa. Yalinichosha wakati ule na sitaki yanichoshe mara ya pili.

Kwa wale wageni kanisani: Fiston ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Papa, baba yetu, alipofariki kule Likasi, Kongo, Mama alimtuma kwangu Johannesburg akiwa bado mtoto wa shule, nikamlea hapa Berea kwenye chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Alisoma hapa mpaka chuo kikuu, akili inamwagika, ndipo chuo kimoja kikongwe cha Uingereza kikamchukua akatafute udaktari. Si udaktari wa sindano, ni ule wa vitabu. Anasomea mimea. Mwaka jana mwanzoni alipiga simu kusema kitabu chake amekimaliza, sasa anangoja siku ya kukitetea mbele ya juri.

Nyinyi mliotoka Kongo mnajua siku hiyo kwetu ikoje. Wengine niwaeleze. Ni arusi. Ukumbi unajaa, familia inakaa mbele imevaa kikwembe kimoja, yaani kitenge cha sare, juri inauliza, mtoto anajibu, watu wanapiga makofi kama wako mpirani. Rais wa juri akisema umepita, unamwagiwa poda kichwani mpaka unafanana na mtu aliyelala kwenye kinu cha unga. Yule anayetetea mbele ya viti vitupu anaonewa huruma. Watu wanasema, maskini, huyu hana watu.

Mama miguu yake haimfikishi tena hata sokoni. Aliniita kwenye simu akasema, "Mado, wewe ndiye uko na miguu. Nenda ukae mbele. Mtoto wangu asisimame mbele ya wale wazungu kama mtu asiye na watu." Nikamwambia Fiston kwamba ninakuja. Akajibu, "Yaya," maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "usije. Hakuna kitu cha kuona huku." Neno hilo lilinichoma, siwafichi. Nikajiambia, eish, huyu sasa anatuonea haya. Anaogopa wenzake wamwone dada yake fundi cherehani wa mtaani Jeppestown. Na hapo ndipo nilipoamua kwamba nitakwenda hata kama atajificha chini ya meza.

Kutoka Berea mpaka kiwanja cha ndege

Nilishona gauni langu na shati lake kutoka kikwembe kimoja, cha buluu chenye ndege wa njano. Akina mama wa kwaya walileta zawadi mpaka begi likagoma kufunga: sombe kavu, yaani kisamvu, samaki wa kukausha wa Mama Chantal, na poda ya watoto, makopo kwa makopo. Mama Chantal aliketi juu ya begi nikavuta zipu. Ndiyo maana zipu ile imekuwa na meno ya kizee.

Papa Ilunga, shemasi wetu, ndiye aliyenipeleka kwa gari lake. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatwa na robot zote za barabarani, zile taa za kuongoza magari, zilikuwa zimezimika. Kila njia panda magari yanatazamana, kila mmoja anamwambia mwenzake kwa mkono, pita, hapana, pita wewe. Papa Ilunga ni mtu wa adabu kupita kiasi. Aliwapisha wote. Aliwapisha hata wale waliokuwa bado hawajafika. Nilimwambia, "Papa, ukiendelea kuwa Mkristo hivi mimi nitafika Uingereza Fiston ameshastaafu." Akajibu kwa upole kwamba haraka ni ya shetani, akampisha na mtu wa mkokoteni wa chupa tupu. Tulifika nikiwa nimekunja kikwembe magotini, nikakimbia na mabegi kama mwizi, na nilipofika kwenye meza yao nikaambiwa ndege yenyewe imechelewa.

Nairobi, siku nzima ya kungoja

Nairobi ndege ya pili iliharibika kitu. Walisema kitu kidogo. Kadiri masaa yalivyokwenda kitu hicho kikawa kikubwa, mwishoni wakasema wanasubiri kingine kije. Tulipewa chai na mkate wa mayai, na mimi nikaketi karibu na mama mmoja Mkenya, Njeri, ambaye kumbe naye anakaa Johannesburg, kule Sandton, anafanya kazi benki. Watu wawili wa mji mmoja, tumekuja kuonana Nairobi.

Njeri alikicheka Kiswahili changu cha Katanga. Mimi nikacheka chake. Nilimwambia ninyi Wakenya mnaongea kama mnagombana na karani. Alikuwa mtu mzuri, alinikatia nusu ya chapati aliyotoka nayo nyumbani kwao, na nilimwonyesha kikwembe na poda, nikamweleza ninakokwenda. Akaacha kutafuna.

"Mama Mado," akasema, "umeambiwa utaingia?"

"Niambiwe na nani? Mimi ni familia."

"Binti yangu alifanya mtihani kama huo huko. Hufanywa mlango umefungwa. Mwanafunzi na wazee wawili wanaomhoji. Hata mimi nilipigiwa simu tu baadaye."

Nilimtazama kwa huruma. Nilimwambia labda ni huko kwa binti yako, chuo cha Fiston ni cha zamani sana, kina ukumbi nimeuona kwenye picha, una meza ndefu na viti vya kuketi kijiji kizima. Watu wanajenga ukumbi kama ule ili waufunge? Njeri hakubishana. Aliniongezea chai akasema, "Sawa, dada. Mungu akutangulie." Mkenya akikuombea hivyo katikati ya mabishano, jua ameshashinda.

London, mimi na poda

Askari wa forodha alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Alifungua begi kwa taabu kwa sababu ya ile zipu, akatoa kopo la poda, la pili, la tatu. Akatazama unga mweupe, akanitazama, akavaa glavu. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mbwa.

Akaniuliza kwa Kiingereza hii ni ya nini. Kiingereza changu mnakijua, ni cha kuuzia nguo. Nikamjibu kwamba ni ya kummwagia daktari.

"Daktari gani?"

"Bado hajawa daktari. Wakubwa wakisema amekuwa, ndipo tunammwagia kichwani."

"Na yeye anajua kwamba utammwagia?"

Swali hilo lilinipata mahali pabaya, maana nilikumbuka ile sauti ya Fiston ikisema usije. Nikasema atajua. Yule kijana akaandika kitu. Mbwa alinusa makopo yote, akapiga chafya, akaenda zake kwa samaki wa Mama Chantal na hapo akakataa kuondoka. Mwishoni mwenzake wa yule askari, mama mtu mzima, alimwaga poda kidogo kiganjani akainusa, akatabasamu, akasema inamkumbusha wanawe wakiwa wachanga. Poda ikapita. Samaki walibaki kwa Malkia. Mama Chantal, samahani, nilipigana nilivyoweza.

Basi mpaka mji wa chuo

Basi la kutoka London lilikuwa kimya kama lililobeba maiti. Nilimsalimu jirani yangu, akashtuka, akatoa vile vya kusikilizia muziki masikioni akidhani namweleza kuna hatari. Baada ya hapo nilitazama kondoo tu kwenye madirisha. Kondoo wao ni wanene, hilo niliwaombea heri.

Fiston alikuwa kituoni. Amekonda. Shingo imebaki kama ya kuku aliyenyeshewa. Alinikumbatia muda mrefu, nikasikia mbavu zake, na hasira yote niliyotoka nayo Berea ikapungua nusu. Nusu nyingine nilibaki nayo.

Tulitembea na mabegi. Mji ule wote ni kuta za mawe, na kila ukuta una lango kubwa, na kwenye lango kubwa kuna mlango mdogo, na kwenye mlango mdogo kuna mtu wa kukuuliza. Ndani unachungulia majani yaliyokatwa kama zulia na kibao kinachosema usikanyage. Nilimuuliza Fiston sasa majani ya nini kama hayakanyagwi na hakuna mbuzi. Alisema wengine wanaruhusiwa kuyakanyaga. Nani? Wale walimu wakubwa. Nikamwambia basi maliza upesi tukayakanyage. Hakucheka.

Alikuwa anakaa kwenye nyumba ya kupanga na wanafunzi wengine, jiko moja la wote. Nilisonga bukari, ugali wetu, nikapika sombe, akala sahani mbili bila kuinua uso. Halafu akaniambia maneno yale yale ya Njeri. Mlango unafungwa. Mtahiniwa, mwalimu mmoja wa chuo chake na mwingine kutoka nje. Hakuna watu, hakuna makofi, hakuna rais wa juri.

"Fiston," nikasema, "sema kweli. Unatuonea haya."

"Siyo haya, Yaya."

"Ni nini basi?"

Akachukua sahani akaenda kuiosha. Aliiosha sahani ile mpaka nikaihurumia.

Siku ya unga

Kesho yake alikwenda maktaba, nikabaki kuzunguka mji peke yangu. Nikafika nyuma ya jengo moja kubwa, nikakuta umati wa vijana wamesongamana kwenye vizuizi vya chuma, wana makopo ya povu, karatasi za kumetameta, na mifuko ya unga. Mara mlango ukafunguliwa wakaanza kutoka wanafunzi wenye majoho meusi na ua kifuani, na kila mmoja akitoka, wenzake wanapiga kelele na kummwagia. Unga, rangi, povu, kila kitu. Wasichana wazuri wanageuka vinyago, wanakumbatiana wanalia.

Jamani, machozi yalinitoka. Nikasema kumbe wanajua. Kumbe hawa ni kama sisi, wametoka mtihani na wana watu wao. Nilirudi nyumbani nusu mbio nikachukua poda.

Niliporudi umati ulikuwa umepungua. Alitoka msichana mmoja mdogo wa umbo, mwenye miwani, ua lake jekundu kifuani, akasimama mlangoni akitazama kushoto na kulia. Hakuna aliyeita jina lake. Alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko. Nawajua watu wa kutafuta kitu kwenye mfuko, nimewaona sana kwenye kituo cha mabasi hapa Johannesburg, wanashuka na hakuna aliyekuja kuwapokea. Nikamwendea. Nikamuuliza umemaliza? Akasema amemaliza, huo ulikuwa wa mwisho. Nikafungua kopo nikammwagia poda yote kichwani, nikapiga vigelegele vya Likasi, vile vya kuamsha mtaa.

Kwanza alikauka. Halafu akanishika kwa mikono yote miwili akalia begani mwangu mpaka kikwembe kikalowa. Kwao ni mbali, jina la nchi sikulishika, lakini aliniambia mama yake angefanya kelele kama ile ile.

Mlinzi wa chuo mwenye koti la manjano akaja kuniambia mambo hayo yamekatazwa, yanachafua barabara na yanaleta adhabu. Nikamwuliza na hawa wote? Akasema hata hao wamekatazwa. Nikamwambia mimi si mwanafunzi, nitapewa adhabu gani, nirudie darasa? Yule msichana, mweupe kama mkate mbichi, akaanza kucheka, na mlinzi naye akageuka akatazama mbali akisema haya, mama, inatosha.

Fiston aliporudi akanikuta nina poda mpaka kwenye nyusi. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, kicheko chake kile cha zamani cha kushika tumbo. Nikamwambia unaona, wana watu. Akafuta macho. "Ule ni mtihani wa kuandika, Yaya. Wangu ni wa mlango."

Siku yenyewe

Aliamka akavaa joho jeusi, shati jeupe na tai nyeupe ya kipepeo. Shati langu la kikwembe alilishika, akalipapasa mshono wa bega, akasema sheria inataka jeupe. Nikamwambia sawa. Haikuwa sawa, lakini siku ya mtihani mtu haongezewi mzigo. Mimi nilivaa gauni langu na kilemba, nikamsindikiza.

Langoni alikuwepo bawabu mzee, Colin, kofia nyeusi kichwani. Aliniita mpenzi mara tu aliponiona. Nikamtazama Fiston, Fiston akanong'ona kwamba hapa ni salamu ya kawaida. Haya. Nikamweleza Colin kwamba mimi ni familia, nimetoka Johannesburg kukaa mbele. Akasema kwa upole mwingi kwamba ndani huingia mtahiniwa tu. Nikasema basi nitakaa hapa hapa. Akasema langoni hapakaliwi. Nikasema na mimi sina pengine.

Fiston alikuwa amesimama katikati yetu, uso umemshuka. Nikamshika kichwa nikamwombea pale pale kwa sauti, Kiswahili na Kifaransa, wapita njia wakitupisha. Akaingia. Alipanda ngazi bila kugeuka.

Colin alitazama ngazi, akanitazama mimi, akaingia kibandani mwake. Akatoka na kiti. Akakiweka ndani ya lango, chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mvua haifiki. Akarudi tena akaleta chai ya maziwa na biskuti. Aliniuliza, ni mwanao? Nikasema ni mwanangu, maana nani mwingine alimpeleka shule? Akaniambia tangu aanze kazi ya lango lile hajawahi kuona mtu amekuja kuukalia mtihani ule. "Wengi wakitoka," akasema, "wanasimama hapo mlangoni kidogo, halafu wanakwenda kununua mkate."

Sijui kwa nini maneno hayo yaliniuma hivyo. Nilifikiria watoto wa watu, miaka yote wakitoka na udaktari wao kwenda kununua mkate. Niliketi pale nikimwomba Mungu, mvua ikaja ikaacha ikaja tena, Colin akaongeza chai, nikaanza kuogopa. Mpaka hapo nilikuwa nimeshughulika na viti na poda na haya. Sikuwa nimefikiri hata kidogo kwamba Fiston anaweza kuanguka.

Aliposhuka uso wake ulikuwa wa majivu. Nikainuka, biskuti zikamwagika.

"Nimepita," akasema. "Na marekebisho."

Nyinyi mnajua kwetu mtu akiambiwa arekebishe maana yake nini. Maana yake umeanguka, wamekuonea huruma. Nikamkumbatia kwa nguvu, nikamwambia usijali, baba, tutarudi Berea, mashine zipo, nitakufundisha kukata suti, na hao wazee Mungu atawauliza. Fiston akawa anatetemeka kifuani mwangu, nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja. Colin ndiye aliyenieleza, polepole kama kwa mtoto, kwamba kila mtu hupewa marekebisho, hata wenye akili zaidi, ni kurasa chache za kunyoosha, na kwamba kijana amepita. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Akavua kofia akampa Fiston mkono akamwita daktari.

Nilipiga magoti kwenye mawe yale yaliyolowa. Vigelegele nilipiga, ndiyo, madirisha yakafunguka. Wale watahini wawili walishuka wakati huo huo. Mmoja, mama mwenye mvi, alinipa mkono akasema nina haki ya kujivuna. Mwenzake alitazama kikwembe changu, akasema kizuri, akakimbia.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Fiston aliniambia. "Nilikukataza kuja kwa sababu niliogopa kuanguka mbele yako. Nikianguka peke yangu ningetafuta maneno ya kuwaambia polepole, wewe na Mama. Wewe ukiwa langoni, maneno hayo nitayatoa wapi?"

Siku zote hizo mimi nilikuwa nimebeba hasira ya bure kutoka Berea mpaka kule. Nilimshika mkono tukatembea hivyo, mtu mzima na joho lake, kama nilivyokuwa nikimvusha barabara kwenda shule.

Jikoni

Tulimpigia Mama kwa simu ya picha. Uwanja wetu wa Likasi ulikuwa umejaa, majirani, watu wa kanisa, watoto juu ya ukuta. Nikasema amepita, simu ikajaa kelele. Mama alinyanyua mkono wakanyamaza.

"Ukumbi ulijaa?"

Singeweza kumdanganya. Nikasema, "Mama, ukumbi haukuwepo. Walifunga mlango. Nilikaa nje."

"Nani alimsikia?"

"Wazee wawili."

Mama akafikiri. "Basi hajatetea," akasema. "Asimame hapo hapo alipo, atetee. Sisi tuko."

Fiston akanitazama mimi. Nikamwambia unamtazama nani, umesikia juri. Akaenda chumbani akarudi amevaa shati la kikwembe. Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikavuta kiti kirefu cha jikoni nikaketi kama rais, na yeye akasimama mbele ya jiko la gesi.

Alianza akakwama. Akaanza tena kwa Kiingereza, Mama akasema hatusikii. Jasho likamtoka. "Yaya, mambo haya sijawahi kuyasema kwa Kiswahili," akasema, nami nikamwambia juri ina subira, juri imekula. Basi akayatafuta maneno moja moja. Alieleza kile kiua cha zambarau kinachoota kwetu kwenye vilima vya shaba, pale ambapo mti mwingine wowote hunyauka. Alieleza jinsi kinavyovumilia udongo ule, na kwamba ukikipanda kwenye udongo mzuri, mara nyingi magugu na ukungu hukimaliza. Watu wa Likasi walisogelea simu. Kile kiua wanakikanyaga kila siku.

Maswali yakaja. Jirani mmoja aliuliza kama kinatibu tumbo. Mwingine aliuliza kama kikiota kwenye shamba lake ina maana ana shaba, na kama ana shaba amwambie nani. Fiston alijibu wote, sasa ametulia, mikono inaongea, na nilimwona mtu mwingine kabisa, si yule wa pale langoni. Walipiga makofi. Watoto waliruka kutoka ukutani.

"Mimi sijauliza," akasema Mama.

Watoto wakapanda tena ukutani.

"Fiston, unarudi lini?"

Fiston akatazama sakafu. Akasema kwamba wamempa kazi pale chuoni, miaka mitatu, amekwisha kubali, alitaka kutueleza vizuri baadaye. Hata mimi nilikuwa silijui hilo. Nilinyooka kwenye kiti changu cha urais nikatoa sauti kali. "Swali la Mama ni rahisi. Jibu. Unarudi lini?"

"Mado, nyamaza," akasema Mama. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Wewe uliniambia unakwenda Johannesburg kushona mpaka Krismasi. Hukusema Krismasi gani. Ninauliza wote wawili."

Nilishuka kwenye kiti. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilizunguka meza nikaenda kusimama kando ya Fiston pale kwenye jiko, na yeye akasogea kunipa nafasi, bega lake likagusa langu. Mama hakukata simu. Alikuwa ametukazia macho, anangoja, na nyuma yake hakuna aliyepiga kelele. Tulisimama hivyo, watoto wake wawili ndani ya kikwembe kimoja, kila mmoja akitumaini mwenzake ndiye atakayejibu kwanza.